Sangara wa Tanganyika, jeshi la Muungano

Pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, mama anayefunga gunia la dagaa hulikanyagia mpaka lishibe, akalishona mdomo kwa kamba, kisha akadai risiti ya ushuru kabla gari halijaondoka. Muulize hela ile imekwenda wapi, atakujibu: serikalini. Serikali ipi? Sisi wa Bara hatujalazimika kujiuliza. Mzanzibari hujiuliza kila siku.

Ndiyo maana katiba mpya ikitajwa tu, ubishi unarudi palepale: serikali mbili kama sasa, ya Muungano inayoongoza pia Bara (Tanganyika ya zamani) na ya Zanzibar, au tatu. Rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba, ya Desemba 2013, ilitaka shirikisho la Tanganyika, Zanzibar na Muungano, huku mambo ya Muungano, yaani yanayosimamiwa kwa pamoja, yakipungua kutoka 22 hadi 7. Wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakasusia Bunge Maalumu la Katiba Aprili 2014, waliobaki wakarudisha serikali mbili katika Katiba Inayopendekezwa. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa, na haijapigwa mpaka leo.

Anayetaka tatu ana hoja nzito, na ushahidi wake uko hapa ziwani. Sangara na dagaa wa Ziwa Victoria si jambo la Muungano. Hata hivyo sheria inayomwongoza mvuvi wa Ukerewe inapitishwa na Bunge lenye wabunge kutoka Unguja na Pemba, wakati hakuna mbunge wa Sengerema anayepiga kura kwenye Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Wazanzibari nao wanalalamika kwamba Tanganyika imevaa koti la Muungano. Wote wawili wanasema kweli. Kwangu hilo ndilo donda la mfumo wa sasa: mshirika mmoja hana jina, kwa hiyo hana hesabu zake wala wa kumuuliza.

Lakini watetezi wa serikali mbili nao hawasemi ovyo. Kwa sensa ya 2022 Watanzania ni milioni 61.7, na Zanzibar haifiki milioni 2. Katika shirikisho, serikali ya Tanganyika ingekuwa na karibu watu 97 katika kila 100, pamoja na ardhi, madini na samaki. Rais wa Muungano angebaki na jeshi, sarafu na mambo ya nje. Angelipa askari kwa nini? Rasimu ilimpa ushuru wa bidhaa, yaani kila kreti ya bia inayotoka kiwanda cha hapa Mwanza, mapato mengine yasiyo ya kodi na michango ya washirika. Michango! Aliyewahi kukusanya michango ya harusi anajua ahadi huwa ngapi na fedha huwa ngapi. Rais Jakaya Kikwete aliligusa suala hili la mapato alipolihutubia Bunge Maalumu Machi 2014, na sijasikia jibu lililoniridhisha.

Wanaodai serikali za majimbo wana lao, ila majimbo yanagawa madaraka ndani ya Bara. Hayaligusi swali la Zanzibar.

Mimi naegemea tatu, kwa sharti. Muungano upewe kodi inayoingia moja kwa moja bila kupitia mkono wa mshirika, na ya kwanza iwe ushuru wa forodha, ule unaotozwa Sirari na Mutukula kama unavyotozwa bandarini. Na mipaka ya kazi iandikwe kwa kina. Mvuvi wetu akikamatwa na boti yake upande wa Uganda, nyavu zake ni suala la uvuvi, kukamatwa kwake ni mambo ya nje. Leo wizara zote mbili ziko chini ya rais mmoja. Katika shirikisho zitakuwa chini ya viongozi wawili, huenda wa vyama vinavyopingana, na mke wa mvuvi anayesubiri mwaloni lazima ajue agonge mlango upi.