Nafasi Haitoshi

Tableti yangu niliinunua Kariakoo mwaka 2019. Kwenye boksi waliandika GB 16, nami kwa ushamba wangu nikaamini zote ni zangu. Kumbe mfumo wenyewe ndiye mwenye nyumba: ameshika vyumba vyote vya mbele, mimi kaniachia uani, GB 9 na chenji. Huko uani wakajazana watoto na magemu yao, mke wangu na video za mapishi ya maandazi, na makundi 14 ya WhatsApp yanayoniletea kila alfajiri ua waridi lenye umande na "Amka na baraka".

Mwezi huo nilikuwa katibu wa kamati ya harusi ya mdogo wangu. Daftari la michango lilimwagikiwa chai ya maziwa kikao cha pili, nikawahi kupiga picha kurasa zote nne kabla hazijawa uji. Daftari likatupwa. Kamati nzima ikabaki ndani ya tableti.

Jumamosi usiku programu ya benki ikagoma: sasisha mfumo kwanza. Sasisho GB 1.3, nafasi iliyobaki MB 700. Nikafuta gemu la magari (mwanangu alikuwa amelala, Mungu anisamehe), nikapata GB 1.6. Nikabonyeza. "Nafasi haitoshi." Haitoshi vipi, na hesabu naijua? Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba sasisho ni kama gunia la mkaa: unatakiwa uwe na pa kuliweka, na pengine pa kulimwagia. Nikachomeka memori kadi ya GB 32, nikaona nimemaliza kazi. Wapi! Sasisho linataka memori ya ndani, kama mgeni wa kutoka kijijini asiyekubali kulazwa kwa jirani hata kama jirani ana godoro jipya.

Na bando langu lilikuwa linakufa saa 6 kamili usiku. Saa 5 na robo nikapandwa na mori. Nikaingia kwenye picha, nikachagua zote, nikafuta. Picha elfu mbili na ushee zikapotea. Nikarudi kuangalia nafasi: ileile. Haijasogea hata punje. Hapo nikamfikiria jirani yetu mmoja ambaye hatusalimiani vizuri.

Nikahamia kwenye mafaili ya WhatsApp, na huko ndiko nilikokuta maiti zimelala. Kila video niliyowahi kuituma kutoka kwenye galari ilikuwa imetengenezewa nakala yake pembeni. Halafu kila saa 8 usiku, wakati Wakristo na Waislamu wote wamelala, yenyewe huamka ikahifadhi nakala ya mazungumzo. Nikafyeka kama mtu aliyeahidiwa shamba. GB 3 zikaachia. Sasisho likashuka dakika chache kabla bando halijakata roho, nikalala nikiwa shujaa.

Jumapili saa 10 jioni, kikaoni, Mwenyekiti akasema, "Katibu, tusomee daftari." Nikafungua picha. Peupe. Jasho likanitoka mahali ambapo sikujua pana jasho.

"Ndugu wajumbe," nikasema, "daftari limepata ajali."

Kimya. Halafu baba mdogo, ambaye tangu vikao vianze alikuwa hajatoa kitu zaidi ya ushauri, akakohoa. "Basi Katibu uandike, mimi nilishamaliza." Shangazi akadakia kwamba naye alimaliza siku ya mvua, hata mweka hazina anakumbuka. Mweka hazina hakumbuki. Mjumbe wa kule nyuma akasema yeye alizidisha, anadai chenji. Dakika tano hazikupita, harusi ikawa imechangiwa yote na bakaa juu, wakati kwenye mkoba wa mweka hazina kuna 840,000. Yule mama aliukumbatia ule mkoba kama mtoto mwenye homa.

Nikachukua karatasi mpya, nikaanza kuandika upya. Ili mambo yaende haraka nilianza na jina langu, nikaliwekea alama ya vema.

Binti wa dada yangu, yuko darasa la sita, alikuwa anapitisha karanga. Akachungulia. "Mjomba, umeangalia kwenye pipa la taka? Ukifuta picha haziondoki, zinakaa humo siku 30."

Kumbe ndiyo maana nafasi haikusogea! Na mimi nimemsingizia jirani wa watu. Binti akabonyeza mara mbili tatu, kurasa zikarudi moja baada ya nyingine, na doa la chai lake. Baba mdogo akasimama, amekumbuka ana mgonjwa Temeke.

"Hatoki mtu," Mwenyekiti akasema. "Mtoto asome."

Mtoto akasoma kwa sauti ya kukariri shairi. "Namba moja, Mwenyekiti, ahadi laki tatu, ametoa laki mbili. Namba mbili, baba mdogo, ahadi laki mbili, ametoa, ametoa... hakuna. Namba tatu..." Akanyamaza. Akaisogeza tableti karibu na macho, kisha akaniangalia.

"Mjomba, hili si jina lako? Ahadi laki na nusu, halafu huku mbele..."

"Mwanangu," nikasema, "hapo ni chai tu. Nenda namba nne."