Kilatini cha shamba la mwani

Kuna wanaosema majina ya kisayansi ya viumbe, ya Kilatini na Kigiriki, ni mzigo tulioachiwa na wakoloni, na mwanafunzi wa Zanzibar angepumua kama yangefutwa. Wana pa kushika. Kima punju wa msitu wa Jozani vitabuni ni Piliocolobus kirkii: mwaka 1868 alipewa jina la John Kirk, Mwingereza aliyekuja kuwa balozi mdogo wa nchi yake Unguja. Popo mkubwa wa Pemba, Pteropus voeltzkowi, kabebeshwa jina la Mjerumani. Waliowajua wanyama hao tangu zama za mababu hawamo.

Lakini nenda Paje au Jambiani, vijiji vya wakulima wa mwani Unguja, wakati wa bamvua, maji yakishatoka, uwasikilize kina mama wakifunga mbegu kwenye kamba. Hawasemi mwani tu. Wanasema spinosum na kotoni. Spinosum ni Kilatini, yaani wenye miiba, na ukiushika unavihisi vijimiiba vilivyojipanga tawi zima. Kilimo hiki cha biashara kilianza mwaka 1989, na majina hayo yamedumu kwa sababu yana kazi: kotoni una bei nzuri lakini haustahimili maji ya moto, spinosum unavumilia, ila bei yake ya kutupa. Mkulima asiyezitofautisha mbegu hizo atajua siku ya mzani.

La kuchekesha ni kwamba wataalamu wenyewe wameshayahama majina hayo. Spinosum sasa ni Eucheuma denticulatum, wenye vijino. Kotoni ni Kappaphycus alvarezii, ambapo kappa, herufi ya Kigiriki, inataja aina ya ute unaokamuliwa humo. Kwa hiyo anayetetea Kilatini kwa kuwa eti hakibadiliki, hapa hana hoja. Paje ndiyo iliyoshikilia jina, maabara zimelitupa.

Hoja yenye nguvu ni nyingine: Kilatini leo hakina mwenyewe. Mtoto wa London na mtoto wa Wete wote wanakariri. Tena kinapokea vya kwetu bila kinyongo: bundi wa Pemba ni Otus pembaensis, na komba mmoja ni Paragalago zanzibaricus.

Kinachouma ni nani anaenziwa na nani anatukanwa, na hilo linatibika bila kuigusa lugha. Julai 2024 huko Madrid, wanabotania walipiga kura neno caffra liwe affra katika majina ya zaidi ya spishi 200. Mzizi wake ni kafiri, neno lililogeuzwa tusi kwa watu weusi Afrika Kusini. Dawa yake ilikuwa kuondoa herufi moja tu. Tume ya majina ya wanyama ilikuwa imekataa njia hiyo mwaka 2023, ikihofia vurugu, na hofu yenyewe si ya kubeza: jina likibadilika, orodha za uhifadhi na lebo za makumbusho zinabaki nyuma kwa miaka. Kwa tusi, ningeubeba usumbufu huo. Kwa Kirk, hapana. Kirkii ibaki, mradi kitabu cha darasani kimtangulize kima punju.