Kurasa tatu zilitosha
Nimesoma mwandishi mmoja akidai eti mtaalamu wa kompyuta apimwe kwa wingi wa makala alizochapisha! Hilo silikubali. Edsger Dijkstra, mtaalamu wa kompyuta Mholanzi, makala yake ya mwaka 1959 kuhusu kutafuta njia fupi kuliko zote kati ya vituo viwili ina kurasa tatu tu (hesabu yenyewe aliiwaza mkahawani Amsterdam, kama dakika 20, bila kalamu), na mpaka leo inasomeshwa. Mie naisomesha hapa Pemba: nachora ubaoni miji yetu ya Mkoani, Chake, Wete na Konde, naandika kilomita kwenye kila mstari, wanafunzi wanafuta jumla na kuandika upya kila wakipata njia fupi zaidi, mpaka viganja vinajaa chaki. Ramani za simu zimejengwa juu ya wazo hilo. Nyie mnaosomesha Unguja, mnaianzaje?