Mazao funika dhidi ya magugu: sumu au kivuli?

Mazao funika ni mimea inayooteshwa kufunika udongo kabla ya zao kuu, kisha hulazwa au hukatwa na masalia yake kuachwa kama matandazo. Baadhi yake, kama rai (nafaka jamii ya ngano), mtama, mukuna (mmea wa jamii ya kunde unaotambaa) na haradali, hutoa kemikali zinazodumaza mimea jirani. Kwa sababu hiyo wapo wanaoyanadi mazao haya kama kiuagugu cha asili. Madai hayo yana ukweli, ila yanabebeshwa uzito kuliko yanavyostahili.

Ukweli wenyewe ni huu. Mizizi hai ya mtama hutoa kemikali iitwayo sogoleoni, inayozuia usanisinuru wa miche michanga. Masalia ya rai yakioza huachia kemikali ziitwazo benzoksazinoidi. Zinazoumia zaidi ni mbegu ndogo zinazoota juujuu, kama za mchicha pori. Mahindi na soya, zenye mbegu kubwa zilizofukiwa sentimita 4 hadi 5, mara nyingi hunusurika. Tofauti hiyo ya ukubwa na kina ndiyo inayoiwezesha mbinu hii kupalilia bila kuua zao.

Tatizo ni wakati. Rai changa ina kemikali nyingi kwa kila gramu, lakini haijajaza shamba. Ikikomaa, matandazo huwa mazito na kemikali hupungua. Ukiilaza kwa rola (pipa zito linaloviringishwa juu ya mimea) kabla ya kuchanua, inainuka tena. Kwa hiyo anayetumia rola husubiri maua, na kwa kusubiri huko amekwisha kuchagua kivuli badala ya sumu. Sioni kosa hapo. Vijidudu vya udongo huzivunja kemikali hizi ndani ya wiki chache, ilhali matandazo mazito huendelea kuzuia mwanga muda mrefu zaidi.

Basi pima matandazo kwanza. Kata mimea yote katika mita 1 ya mraba, ikaushe, ipime. Rudia sehemu kadhaa za shamba. Gramu 800 ni sawa na tani 8 kwa hekta, kiwango ambacho kwa kawaida hudhibiti vizuri magugu ya msimu mmoja. Ukipata nusu yake, panga palizi mapema. Na ndago usiitegemee kufa: ina akiba chini ya ardhi na huchomoza hata penye matandazo.

Haradali ina kanuni zake. Kemikali yake huzaliwa seli zinapopasuka, kisha hutoroka kama gesi, hivyo ni lazima ikatwekatwe laini na kufukiwa papo hapo kwenye udongo wenye unyevu. Lakini kufukia ni kulima, na kulima huinua mbegu za magugu zilizolala chini. Faida ya mkono mmoja inaliwa na mwingine.

Wanaoipinga mbinu hii huonyesha mahindi ya manjano baada ya rai na kulaumu sumu. Mara nyingi mkosaji ni nitrojeni: masalia makavu yenye kaboni nyingi huwafanya vijidudu kuinyakua kabla ya zao. Acha wiki 2 hadi 3 kabla ya kupanda mahindi na uweke sehemu ya mbolea ya nitrojeni karibu na mstari wa mbegu. Soya haisumbuki sana, kwa kuwa hujitengenezea nitrojeni. Saladi na karoti zinazopandwa kwa mbegu ni habari nyingine. Hizo sumu inaweza kuzidhuru kweli, maana mbegu zake ni ndogo kama za magugu yenyewe. Hapo tumia miche, au sogeza masalia kando ya mstari.