Mililita 100: sheria ina akili, ila mzigo anaubeba mtu wa transiti

Hakuna kitu kinachoudhi watu eapoti kama ile ya kumwaga maji. Umefika kwenye skana na chupa yako ya nusu lita, unaambiwa tupa au kunywa yote hapo hapo, unavuka, na cha kwanza unachokutana nacho upande wa pili ni duka linauza maji yale yale kwa bei ya kukomoa. Watu wanahitimisha palepale kwamba hii ni biashara, wamekula njama na wenye maduka. Hasira naielewa, ila kwangu hiyo ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, kwa sababu bidhaa za maduka ya ndani nazo zinatakiwa zipite kwenye ukaguzi wake kabla hazijafika dukani. Zipo hoja nzito zaidi za kuipinga hii sheria na zipo hoja nzito za kuitetea, na ukizipima vizuri unakuta tatizo lenyewe limekaa mahali ambapo wengi hawaangalii.

Kwa asiyeijua: kwenye viwanja vingi kila kimiminika, jeli, krimu au spreyi unayoingia nayo kwenye begi la mkononi iwe kwenye chupa isiyozidi mililita 100, na vichupa vyote vikae kwenye mfuko mmoja wa plastiki unaoonyesha ndani, wa lita 1 hivi. Kinachoangaliwa ni ukubwa wa chupa siyo kilichobaki ndani, kwa hiyo ile dawa ya mswaki ya mililita 150 uliyoiminya mpaka imekunjamana bado inakataliwa, na hapo ndipo wengi wanapogombana na afisa bure. Begi unalokabidhi kaunta halihusiki, huko weka losheni yako ya lita ukipenda.

Sasa ilitoka wapi. Agosti 2006 polisi wa Uingereza waliwakamata watu zaidi ya 20 kwa tuhuma za kupanga kulipua ndege za kwenda Marekani na Kanada zikiwa angani, na njia yao ilikuwa kuingia na milipuko ya majimaji ndani ya chupa za vinywaji za nusu lita, zile za kawaida kabisa. Asubuhi ya tarehe 10 kila kitu kikapigwa marufuku, abiria wa Uingereza wakapanda ndege na pasipoti na pochi kwenye mfuko wa plastiki, mama mwenye mtoto mchanga anaambiwa aonje maziwa ya chupa mbele ya maafisa. Tarehe 26 Septemba Marekani wakalegeza wakaruhusu vichupa vidogo, Umoja wa Ulaya ukafuata Novemba na kipimo cha mililita 100, na ICAO, lile shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa anga, likazishauri nchi zote zifuate ifikapo Machi 2007. Watatu kati ya wale waliokamatwa walitiwa hatiani kwa njama ya kulipua ndege wakapewa kifungo cha maisha mwaka 2009, kwa hiyo anayesema hii ilikuwa hadithi ya kutunga aanze kwanza na hizo kesi.

Na 2006 haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1987 mawakala wawili wa Korea Kaskazini walipanda ndege ya Korean Air namba 858 pale Baghdad, wakaacha begi juu ya viti lenye redio iliyotegwa bomu na chupa ya pombe iliyojaa mlipuko wa majimaji, wakashuka zao Abu Dhabi. Ndege ikaendelea, ikalipuka, watu wote 115 wakafa. Desemba 1994 gaidi Ramzi Yousef akafanya majaribio yake ya bomu kwenye ndege ya Philippine Airlines namba 434, nitrogliserini, ambayo ni mlipuko wa majimaji, aliipitisha kwenye chupa ya maji ya kusafishia lenzi za macho, akategesha chini ya kiti akashuka Cebu, huko huko Ufilipino. Bomu likaua abiria mmoja Mjapani na kujeruhi wengine, ila rubani akafanikiwa kuitua ndege Okinawa, Japani.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayonifanya nisicheke mililita 100 kama wengine wanavyocheka. Bomu lilikuwa dogo, likaua mtu, lakini ndege haikuanguka. Hesabu ya waliotunga sheria ni hiyo hiyo, hawakusema kiasi kidogo hakina madhara, walisema punguza kiasi na uwezekano wa kutoboa ndege nzima unapungua nao, na mfuko wa lita 1 ukawekwa ili mtu asije na vichupa 40. Halafu kuna suala la mashine. Skana ya kawaida ya eksirei iliyokuwepo wakati ule inampa afisa picha bapa yenye rangi, vitu vya asili kama chakula, nguo na vimiminika vinatoka rangi ya chungwa, chuma kinatoka bluu. Maji ni chungwa, juisi ni chungwa, na kimiminika cha hatari nacho chungwa. Afisa ana sekunde chache kwa kila begi, utamwambia atofautishe vipi? Kwa hiyo wakaamua kama hatuwezi kujua ni nini basi tupunguze ni kiasi gani.

Upande wa pili. Mmarekani Bruce Schneier, mtaalamu wa masuala ya usalama, ndiye aliyeanzisha ule msemo wa maigizo ya usalama, yaani vitu vinavyofanywa ili abiria ajisikie salama kuliko vinavyomfanya awe salama, na vimiminika vimekuwa mfano unaopendwa sana na watu wa mrengo huo. Hoja yao tamu kuliko zote ni lile pipa. Kama kweli mnashuku chupa ni bomu mbona mnaitupa kwenye pipa katikati ya foleni ya watu 200, na chupa nyingine 300 zisizojulikana ni nini? Hakuna anayeziogopa, hakuna anayezipima, jioni anakuja mtu wa usafi anabeba. Hapo kwa kweli sijasikia jibu la kuniridhisha. Nyingine ni ya korona: mwaka 2020 TSA, mamlaka ya usalama wa usafiri ya Marekani, ikaruhusu sanitaiza mpaka wakia 12, hiyo ni kama mililita 350, kwa kila abiria kwenye begi la mkononi. Kama mililita 101 ni hatari, 350 za kitu kinachowaka moto zimekuwaje sawa? Watetezi watasema walizikagua pembeni moja moja, na ni kweli walisema hivyo, ila basi hiyo inaonyesha kumbe inawezekana kukagua chupa kubwa mkiamua, ni suala la muda na watu tu.

Ila ipo hoja moja ya wapingaji ambayo imezunguka sana na mimi naikataa, ile ya kwamba haiwezekani mtu kupika bomu chooni ndani ya ndege, inataka barafu, inataka masaa, inataka maabara. Sawa, lakini wale wa 2006 hawakupanga kupika chochote chooni, mchanganyiko ulikuwa uingie tayari kwenye chupa. Ukimjibu mtu jibu la swali ambalo hakuuliza hujamshinda.

Tukija kwenye mashine mpya mambo yanavurugika kwa pande zote mbili. Siku hizi kuna skana za aina ya CT kama zile za hospitali, zinazunguka begi zinatoa picha unayoweza kuigeuza kila upande na zinapima uzito wa kitu kwa ujazo wake, kwa hiyo zinaweza kutenganisha maji na kisichokuwa maji, na hata laptopu unaiacha ndani ya begi. Mwaka 2023 viwanja kama Teesside na London City vikawa vya kwanza Uingereza kuruhusu chupa mpaka lita 2. Watu wakashangilia. Juni 2024 serikali ya Uingereza ikawarudisha kwenye mililita 100 viwanja vile vilivyokuwa vimeshaachia, ikisema ni kwa muda, na tarehe 1 Septemba mwaka huo huo Umoja wa Ulaya nao ukarudisha kwenye viwanja vyake vyenye hizo mashine. Halafu Julai 2025 Edinburgh na Birmingham wakaachia tena lita 2, na Ulaya ikaidhinisha upya skana za aina mojawapo. Mpinzani anasema mnaona, hawa hawajui wanachofanya, leo hatari kesho siyo hatari. Mtetezi anasema hapana, hiyo ndiyo dalili kwamba kuna watu wanapima mashine kweli na ikionekana haitoshi wanasimamisha. Mi naegemea kwa mtetezi kwenye hili, ila ningependa kuona anavyomweleza mtu aliyeondoka na shampuu kubwa Jumatatu akarudi Ijumaa akanyang'anywa ile ile.

Sasa sisi huku tunaingiaje. Mtu wa Birmingham anaweza kusoma taarifa ya uwanja wake akajua. Mtu anayetoka Dar, Mombasa au Bujumbura kwenda Toronto mara nyingi hana safari moja, ana mbili au tatu, anaunganisha Addis, Doha, Dubai, Istanbul au Amsterdam, na sehemu nyingi anakaguliwa upya akiwa transiti. Kwa hiyo sheria inayomhusu ni ile ya uwanja mkali kuliko yote njiani kwake, siyo ya alikoanzia. Hata hizi mashine mpya hazimsaidii kitu kama kiwanja kimoja tu katikati bado kina skana ya zamani. Ila hili haliandikwi kwenye tiketi.

Nimewahi kusimama kwenye foleni ya transiti nyuma ya mama mmoja aliyenunua asali na kahawa kwenye duka la ndani kabisa ya uwanja alikotokea, yaani baada ya ukaguzi. Kahawa ikapita. Asali ikainuliwa, afisa akaigeuza akasoma lebo, gramu 500, akaonyesha bango ukutani. Mama akatoa risiti kwenye pochi akaikunjua akaisawazisha juu ya meza, tarehe ni ya usiku ule ule. Afisa akaangalia ule mfuko, mfuko wa kawaida wa kubebea, hauna sili, akatikisa kichwa. Basi mama akafungua chupa, akachovya kidole akalamba, akawasogezea maafisa, "chukueni basi mle nyie wanangu." Wakacheka kwa aibu, wakaiweka kwenye pipa ikiwa wazi.

Kilichomponza siyo asali, ni mfuko. Kwa utaratibu wa kimataifa vimiminika vya dyuti frii, yaani vya maduka ya eapoti yasiyotoza kodi, kwa abiria wa kuunganisha vinatakiwa viwekwe kwenye mfuko maalumu unaozibwa dukani na kuonyesha alama ukifunguliwa, risiti ikiwa ndani inaonekana, na hauruhusiwi kuufungua mpaka umalize safari. Ukiufungua ndani ya ndege ili unuse pafyumu yako, imekula kwako. Ulaya tangu 2014 na Marekani pia wanaipokea mifuko hiyo kwenye transiti, Marekani kwa sharti iwe imenunuliwa ndani ya saa 48, na kote ikaguliwe kwanza kwa mashine, ikishindikana kukaguliwa inabaki. Muuzaji wa yule mama alipaswa kumuuliza swali moja tu, unaunganisha wapi? Hakuuliza, akauza, na hela hairudi.

Halafu tuna vyakula vyetu, ambavyo vingi viko katikati ya kigumu na cha majimaji. Samli iliyoganda ni nini? Achari ya embe? Mafuta ya nazi ambayo asubuhi yameganda na mchana yameyeyuka? TSA walishasema wazi mwaka 2023 kwamba siagi ya karanga ni kimiminika, Wamarekani wakacheka mtandaoni, ila kipimo chao kinaeleweka: kikimwagika, kikipakika au kikipulizika basi kihesabu ni kimiminika. Kwa kipimo hicho samli na achari zote zimeliwa. Dagaa, mchele, kahawa na karafuu havina shida kwa upande huu, ingawa unga mwingi unaozidi mililita 350 kwenye ndege za kwenda Marekani unaweza kukaguliwa zaidi tangu 2018. Maziwa ya mtoto na dawa kama insulini vinaruhusiwa zaidi ya mililita 100 kwa kiasi cha safari, ila uvitoe mwenyewe kabla hujaulizwa, na cheti cha daktari kiwe karibu. Mahujaji hili wanalijua kitambo, zamzam ya lita 5 inakuja kwenye boksi lake kama mzigo, hakuna anayebishana nayo kwenye skana.

Kwa hiyo nikiulizwa iondolewe au ibaki, nasema ibaki popote ambapo mashine ni ya zamani, na pale penye CT zilizoidhinishwa waachie, hakuna sababu ya kuwatesa watu. Nisichokubali ni gharama ya huu mpito kumwangukia abiria wa transiti peke yake. Duka lolote baada ya ukaguzi likilazimishwa kuangalia bodingi pasi kabla ya kuuza kimiminika, na kukataa kuuza bila mfuko wa sili kwa anayeunganisha, nusu ya haya malalamiko yanaisha, wala haihitaji mashine ya mamilioni. Mamlaka zetu za viwanja zinaweza kuliweka hilo kwenye mkataba wa pango la duka.

Kwa anayeenda Marekani kupitia mji mwingine wa huko huko, kwa kawaida kiwanja cha kwanza unachoingilia unachukua begi lako kubwa upite nalo forodha kabla ya kulikabidhi tena. Hapo hapo ndipo pa kuihamishia ile chupa ya dyuti frii, kabla hujaufuata mstari wa skana ya ndani. Foleni ya forodha ni ndefu na ukifika kwenye mkanda wa kukabidhi mabegi wanakuharakisha, kwa hiyo fungua begi ukiwa bado kwenye ukumbi wa mizigo.