Natafuta Besi

Jamani, sijaiba, sijakopa kausha damu, sijaongeza mke. Nataka sabufa tu. Tena siyo ile ya taa za kuwakawaka, rimoti yake iko ndani ya nailoni tangu siku iliponunuliwa. Nataka ya kuzikwa ukutani. Mgeni akae, filamu ianze, ndege ipite, chai icheze kikombeni, ageuke huku na huku asijue kinachomtetemesha kiko wapi.

Mama Neema aliuliza swali moja: "Sasa kama haionekani, watu watajuaje tunayo?" Miezi minne sasa natafuta jibu.

Nikaita fundi. Mafundi wetu mnawajua, neno "haiwezekani" hawakufundishwa. Akagonga ukuta kwa kidole: "Tunatoboa tu, bosi." Nikamwambia spika ya inchi 12 inataka boksi lililozibwa vizuri, lenye hewa kama lita 40, na ukuta wangu ni tofali la inchi 6. Tukapiga hesabu kwenye mfuko wa saruji. Kuzipata hizo lita ni kukata nusu mita kwa zaidi ya nusu mita, na kina ndiyo ukuta wote. Yaani sabufa uso uko sebuleni, mgongo uko kitandani kwa Neema. Fundi akasema mtoto atazoea.

Basi tujenge ukuta wa uongo wa plaiwudi, konani. Besi, ule mlio mzito wa sabufa, inapenda kona, maana kuta zote mbili na sakafu zinaisukuma irudi kwako. Lakini niambieni, sebule ya Mswahili ina kona tupu? Ya kwanza ina kabati la vyombo, glasi za harusi ambazo hakuna aliyewahi kuzinywea hata maji. Ya pili friji. Ya tatu mlango. Ya nne gunia la mchele la shemeji, "nalifuata Jumamosi." Jumamosi ya mwaka gani, hakusema.

Halafu nikajifunza jambo lililonikata maini. Sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mlio wa hezi 43, yaani mitetemo 43 kwa sekunde, una wimbi la mita 8 hivi. Sebule yangu ina mita 4! Miaka 9 najenga, tofali moja moja, kumbe wimbi moja la besi linaingia nusu. Linagonga ukuta, linarudi, linakutana na mwenzake, na katikati ya chumba yanauana. Katikati ndipo lilipo kochi langu. Baba mwenye nyumba hasikii kitu, anayefaidi ni friji.

Wajuzi wana dawa yake. Sabufa unaikalisha pako, unafungulia mziki, wewe unatambaa kando ya kuta. Pale sikio linaposhiba, ndipo pa kuijengea. Jumapili nikaazima sabufa ya kinyozi, nikaiweka kwenye kochi kama mgeni rasmi, nikashuka kwa miguu minne. Bukta, shati sina. Nilipofika kwenye kabati la vyombo, besi ikajaa kama uji wa mzazi, glasi za harusi zinaimba. Nikainua kichwa kwa furaha.

Miguu ya mama mkwe. Juu yake, kuku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba Neema, unatafuta nini huko chini?"

"Natafuta besi, mama."

Na zile kelele, yeye akasikia pesa. Akamweka kuku chini, akakaza khanga, akapiga magoti. "Ngapi?"

Ningesema nini? Tukatambaa wote wawili, sabufa imekaa kwenye kochi inatutazama, kuku anatutazama, Mama Neema naye katokea jikoni na mwiko, anatutazama. Mama mkwe akaingiza mkono chini ya kabati, pale pale penye besi, akatoka na vumbi na sarafu ya shilingi 500.

"Hii hapa. Ni hii tu?"

Nikaipokea kwa mikono miwili. Bajeti ya sabufa imefunguliwa rasmi.