Seleni na ubongo: kabla ya kununua kopo, uliza unga wako umetoka udongo gani

Vidonge vya seleni, madini ambayo mwili huyahitaji kwa kiasi kidogo sana, vinauzwa siku hizi kama kinga ya usahaulifu. Dozi iliyozoeleka ni mikrogramu 200 kwa kidonge. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 55 kwa siku kwa kipimo cha Marekani, au 70 kwa kipimo cha Ulaya. Kwa hesabu ya Marekani mjamzito anahitaji 60 na anayenyonyesha 70. Kwa hiyo kidonge kimoja kinakupa karibu mara tatu au nne ya mahitaji ya siku nzima kabla hujagusa chakula. Kama ubongo unafaidika au la, inategemea jambo ambalo lebo hailigusi: mwilini mwako mlikuwa na seleni kiasi gani kabla hujameza.

Wanaoitetea seleni wana hoja nzito, na ni haki kuanza nayo. Ini hutengeneza protini maalumu, seleniprotini P, inayobeba seleni kwenye damu, na ubongo una kipokezi chake cha kuidaka. Seleni inapopungua mwilini, ini na misuli huishiwa mapema, ubongo huishiwa mwisho. Panya walioondolewa jeni ya protini hiyo, wakilishwa chakula chenye seleni kidogo, hupata degedege na kushindwa kutembea sawasawa. Sababu inaeleweka. Kuta za seli za neva zimejaa mafuta laini ambayo huchacha upesi yakikutana na oksijeni, na vimeng'enya vinavyozuia mchacho huo vimejengwa kwa seleni.

Kwa binadamu ushahidi ni wa kiwango tofauti. Vijijini China, watafiti walipima seleni kwenye kucha za wazee 2,000. Waliokuwa na seleni kidogo walipata alama za chini kwenye majaribio ya akili. Ufaransa, wazee 1,389 walifuatiliwa miaka tisa, na wale ambao seleni yao ilishuka zaidi kwenye damu ndio ambao akili zao zilidhoofika zaidi. Matokeo ya aina hii yasomwe kwa uangalifu. Mzee anayeanza kupoteza kumbukumbu huacha kupika, hula chai na mkate, na seleni hushuka kwa sababu hiyo hiyo. Kipi kilitangulia, utafiti wa kutazama tu hauwezi kusema.

Ndiyo maana majaribio ya kugawa watu kwa kura yana uzito zaidi. La Brazil lililochapishwa mwaka 2016 lilikuwa dogo, wazee 31 wenye dalili za mwanzo za usahaulifu. Waliopewa karanga moja ya Brazil (Brazil nut, si karanga zetu za kawaida) kila siku kwa miezi sita waliboreka katika ufasaha wa kutaja maneno na katika kunakili michoro. Inatia moyo, lakini karanga ina mambo mengine mengi zaidi ya seleni, na watu 31 ni wachache mno. Upande wa pili lipo jaribio la Amerika Kaskazini lililohusisha wanaume 7,540 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Wapo waliopewa mikrogramu 200 za seleni, wapo waliopewa vitamini E, wapo waliopewa vyote, na wapo waliopewa vidonge vitupu. Matokeo yalitoka mwaka 2017: hakuna kundi lililokingwa dhidi ya shida ya akili ya uzeeni.

Wapinzani wa vidonge hulitumia jaribio hilo kufunga mjadala. Wanakosea. Wanaume wale walikula ngano na nyama kutoka ardhi yenye seleni ya kutosha. Kuwaongezea ilikuwa kumimina maji kwenye mtungi uliojaa. Jaribio limethibitisha kwamba ziada haisaidii aliyeshiba. Halikumjaribu mwenye upungufu, na huyo ndiye anayetuhusu sisi tunaokula ugali kila siku.

Mmea huchukua seleni kwa kadiri udongo unavyoiachia. Udongo wenye tindikali huishika, mizizi haiipati; udongo wenye chokaa huiachia. Malawi inaonyesha tofauti hii waziwazi. Wanawake wa Zombwe, kaskazini, walipimwa wakaonekana wanapata takriban mikrogramu 7 tu kwa siku. Wanawake wa Mikalango, kwenye udongo mweusi wa bonde la mto Shire, walikuwa wakipata takriban 55. Nchi moja, ugali ule ule wa nafaka, tofauti mara nane. Kwa hiyo jedwali la Kimarekani linalokuambia kikombe cha nafaka kina mikrogramu kadhaa halikufai kama mahindi yako yamelimwa kwenye udongo mwekundu wenye tindikali. Samaki wa baharini yeye hategemei udongo wa mtu. Mlaji wa pwani anayepata kibua au dagaa mara nne kwa wiki hana haja ya kuhangaika. Mwenye shida ni yule wa bara, aliye mbali na ziwa, ambaye mboga yake ni majani na maharage mwaka mzima.

Je, huyo apewe kidonge? Hapa ndipo panapotaka utulivu, kwa sababu Kongo ilishatoa onyo. Kaskazini mwa nchi hiyo, wakati ikiitwa Zaire, kuna maeneo ambako watu walikosa madini joto na seleni kwa pamoja, na muhogo usioondolewa sumu vizuri ukazidi kuzuia tezi ya shingo isipate madini joto. Watoto wengi walizaliwa wamedumaa akili na mwili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliwapa watoto wa shule na watu waliodumaa seleni peke yake kwa muda wa miezi miwili. Homoni ya tezi ikashuka, na kwa waliodumaa hali ya tezi ikawa mbaya kuliko awali. Vimeng'enya vinavyobadilisha homoni hiyo, iitwayo T4, na kuitumia vinahitaji seleni. Vilipoipata vikaanza kuimaliza T4 upesi, na tezi isiyo na madini joto haikuweza kufidia. Kichanga tumboni, hasa miezi ya mwanzo, hujenga ubongo kwa T4 ya mama. Mama wa bara anayetumia chumvi ya mawe isiyo na madini joto, akianza seleni kwa nia njema, anaweza kumpunguzia mtoto kile kile anachotaka kumwongezea. Chumvi yenye madini joto kwanza. Iwekwe kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na mvuke wa jiko, na itiwe chakula kikikaribia kuiva, kwa sababu unyevu na moto mrefu huyapunguza.

Kuhusu sahani yenyewe, vipimo vya Marekani vya vyakula vya wanyama vinatosha kwa makadirio. Jodari gramu 85 ana mikrogramu 92, sadini wa kopo uzito huo huo 45, kamba 42, maini ya ng'ombe 28, kuku 22. Yai moja lina 15 na kikombe cha maziwa 8. Mayai mawili, kipande cha kuku na kikombe cha maziwa vinafika 60, na siku imekamilika. Figo lina seleni nyingi kuliko maini, na bei yake si kubwa. Mjamzito asile maini mara kwa mara, kwa sababu vitamini A iliyomo ikizidi humdhuru mtoto. Dagaa ndio njia rahisi ya familia nyingi. Ukiwachemsha, usimwage mchuzi, maana sehemu ya seleni hubaki humo. Karanga za Brazil, kwa wanaozipata, zina mikrogramu 68 hadi 91 kwa moja. Moja kwa siku inatosha. Kiganja kimoja kinavuka kikomo.

Kikomo chenyewe kimeshuka. Marekani wanasema 400 kwa siku, lakini mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikiweka 255 mwaka 2023, chakula na vidonge pamoja. Mtu mwenye lishe nzuri akiongeza kidonge cha 200 anakuwa ameshafika. Jaribio moja la Marekani, ambako watu walimeza 200 kila siku kwa zaidi ya miaka saba, lilionyesha kisukari kikiongezeka, hasa kwa walioanza na seleni nyingi. Na kisukari kinaharibu mishipa ya ubongo.

Anayestahili kidonge, kwa maoni yangu, ni mwenye sababu inayotajika: aliyekatwa sehemu ya utumbo, anayesafishwa figo, au mlaji wa nafaka na majani tu katika eneo la udongo dhaifu, na awe tayari anatumia chumvi yenye madini joto. Dozi ya 50 hadi 60 inamtosha. Angalia pia umbo la seleni kwenye lebo: selenimethionini hufyonzwa kwa zaidi ya asilimia 90, selenaiti ya sodiamu kwa takriban nusu. Hesabu pia kilichomo kwenye multivitamini unayomeza tayari. Kipimo cha damu kikipatikana, mikrogramu 80 kwa lita ya plazma (majimaji ya damu) au zaidi kinaonyesha kutosheka. Usipimwe ukiwa na malaria au homa yoyote, maana uvimbe wa ndani hukishusha na utaonekana mpungufu wakati sivyo.

Kwa nchi nzima ipo njia nyingine. Finland, tangu katikati ya miaka ya 1980, hutia seleni kwenye mbolea, na damu za watu wake zilipanda bila mtu kugawiwa kidonge. Majaribio ya Malawi yameonyesha mahindi nayo huitikia. Kwa mkulima wetu anayenunua mbolea ya kukuzia kila msimu, ningependa tuanze kulijadili hili kuliko matangazo ya makopo.

Mwisho, soma herufi za lebo: mcg ni mikrogramu, mg ni miligramu, na miligramu moja ni mikrogramu elfu moja. Marekani mwaka 2008 kirutubisho cha maji kilichoandikwa 200 kilikuwa na mikrogramu 40,800 kwa dozi, na watu 201 waliugua kabla haijagundulika. Dalili zao ndizo za kuangalia kwa yeyote anayemeza: kuhara, uchovu, nywele kukatika kwa mafungu, kucha kubadilika rangi na kung'oka. Pumzi ikianza kunuka kitunguu saumu na hukukila, acha kidonge siku hiyo hiyo na uende nacho, pamoja na kopo lake, kwa daktari.